Anzeni na Visivyokatiwa Utepe: Barua ya Wazi kwa Wenye Dhamana ya Usafiri wa Anga

Kwa mawaziri wa uchukuzi, wakuu wa mamlaka za usafiri wa anga, mameneja wa viwanja vya ndege, na makamishna wa uhamiaji, forodha na polisi wa viwanjani.

Waheshimiwa,

Nchi ikitaka wageni, huanza na picha. Mbunifu huchora jengo la vioo, picha ikaonyeshwa bungeni, ikabandikwa kwenye mabango, na hotuba ikasema zama mpya zimefika. Mimi kazi yangu ni kupokea wageni viwanjani, na ninachokijua ni kwamba mgeni hakumbuki paa. Anakumbuka alivyosimama kwenye foleni na mtoto aliyelala begani. Anakumbuka kama begi lake lilifika, na kama mtu wa kwanza mwenye sare alimwamkia au alimwomba "chochote". Hayo ni yale anayoyaona. Yapo asiyoyaona kabisa, na hayo ndiyo yanayoamua kama atafika akiwa hai.

Ninachoomba ni kwamba fedha ya kwanza ya kuboresha usafiri wa anga iende kwenye vitu ambavyo hakuna kiongozi atakayealikwa kuvikatia utepe: kebo, mifereji, taa za njia ya kurukia ndege, uzio, vipuri, mazoezi ya zimamoto, mshahara wa mkaguzi wa mizigo. Jengo lifuate baadaye, tena kama bado linahitajika.

Wala hii si hisani kwa msafiri. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, ambao nchi 193 zimo ndani yake, unasema katika Kifungu cha 28 kwamba kila nchi itatoa viwanja, huduma za redio na za hali ya hewa kwa ajili ya usafiri wa anga wa kimataifa. Umeongeza maneno "kwa kadiri itakavyoona inawezekana", na nyuma ya maneno hayo wamejificha wengi kwa miaka themanini.

Niruhusuni nianze na umeme, na nitakaa hapo kidogo, maana ndipo viongozi wanapodanganywa kwa urahisi. Kwenye kikao mtu huuliza: tuna njia ya akiba? Fundi hujibu: ipo. Kikao kinasonga mbele. Tarehe 17 Desemba 2017, wiki moja kabla ya Krismasi, uwanja wa Hartsfield-Jackson wa Atlanta, uliokuwa ukipitisha abiria wengi kuliko mwingine wowote duniani, ulizimika kwa takriban saa 11. Safari zaidi ya 1,000 zilifutwa. Watu walikaa gizani ndani ya ndege zilizokwisha kutua. Njia ya akiba ilikuwepo! Ila moto ulizuka katika handaki ambamo kebo kuu na mitambo ya kuhamishia umeme kwenye njia ya akiba vilikaa jirani, ukaviunguza kwa pamoja.

London nako, usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi 2025, transfoma iliungua katika kituo cha kupoza umeme cha North Hyde, na Heathrow ikafungwa karibu siku nzima. Vituo vingine vinavyoulisha uwanja huo vilikuwa vizima. Tatizo ni kwamba kuupanga upya mtandao wa ndani ili umeme uhamie huko kulihitaji saa nyingi. Uchunguzi uliofuata ulieleza kwamba vipimo vya Julai 2018 vilikwisha kuonyesha unyevu kwenye kifaa kimoja cha transfoma hiyo, na suala hilo halikushughulikiwa. Miaka karibu saba! Na Ufilipino, tarehe 1 Januari 2023, hitilafu ya umeme katika kituo cha kuongozea ndege ilisimamisha safari za nchi nzima kwa saa kadhaa. Vifaa vilivyowekwa kuulinda mtambo dhidi ya umeme kukatika ndivyo vilivyokuwa chanzo cha matatizo.

Kwa hiyo acheni kuuliza kama njia ya akiba ipo. Ulizeni inapita wapi, na mletewe ramani. Ulizeni lini mara ya mwisho umeme mkuu ulizimwa makusudi, usiku ambao hakuna ndege, mtu akashika saa mkononi akahesabu sekunde hadi taa za njia ya kurukia zikarudi. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga viko wazi: kwa uwanja unaopokea ndege katika ukungu mzito, baadhi ya taa zinatakiwa kurudi ndani ya sekunde 1, nyingine zina nafasi ya sekunde 15. Mafundi wenu watawaambia, kama mtawauliza bila kuwatisha, kwamba jenereta likigoma kuwaka mara nyingi injini haina kosa lolote. Betri ya kuwashia imekufa, au dizeli imepungua kuliko inavyosema daftari. Hayo yanatibika wiki hii hii, bila mkopo wa nje.

Tutoke nje sasa, kwenye njia yenyewe ya kurukia. Tarehe 29 Desemba 2024, ndege ya Jeju Air yenye watu 181 ilitua kwa tumbo katika uwanja wa Muan, Korea Kusini, baada ya kugongana na ndege wa angani. Iliteleza ikapita mwisho wa lami. Huko mbele palikuwa na tuta lenye zege ndani, limebeba antena za kuiongoza ndege kutua. Watu 179 walikufa, wakabaki wahudumu wawili. Kinachokaa upande ule wa uwanja kinatakiwa kiwe chepesi, kivunjike kikigongwa. Tuta lile lilijengwa, likakarabatiwa, na kila aliyepita pale aliliona ni antena tu. Baada ya maafa serikali ilitangaza kuondoa au kubadilisha miundo ya namna hiyo viwanjani. Sasa nawaomba ninyi: pandeni gari na mhandisi, nendeni hadi mwisho wa njia zenu, pande zote mbili, mtazame kwa macho yenu kuna nini. Eneo la usalama baada ya ukanda wa njia ya kurukia linatakiwa lisipungue mita 90, na linapendekezwa liwe mita 240 kwa viwanja vya ndege kubwa. Kama ardhi haipo, kwa sababu kuna bonde au barabara au nyumba za watu, upo mbadala: sakafu ya zege laini lenye matundu, inayomeng'enyeka chini ya matairi na kuizamisha ndege isimame. Uwanja wa JFK wa New York uliweka kitu hicho mwaka 1996, na mwaka 1999 kikaizuia ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea majini.

Kuhusu ndege wa angani wenyewe, meneja wa uwanja hawezi peke yake. Dampo la taka likiwa karibu na uwanja, ndege watakuja, na dampo ni mali ya halmashauri ambayo haimjibu waziri wa uchukuzi. Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa wengi.

Na vibao. Mnaweza kucheka. Tarehe 8 Oktoba 2001, Linate, Milan, ndani ya ukungu, ndege ndogo ilipotea njia za uwanjani ikaingia kwenye njia ya kurukia, ikagongwa na ndege ya abiria ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, iliyokuwa inaanza kupaa. Walikufa 118. Alama za uwanjani zilikuwa mbovu na hazikufuata viwango, rada ya zamani ya ardhini ilikwisha kuondolewa, na mpya ilikuwa haijaanza kazi. Mnajua jinsi mambo hayo yanavyokwenda: mtambo umeshalipiwa, lakini bado hauwaki kwa sababu ya saini moja, fundi mmoja, mgogoro mmoja wa mkandarasi. Katika viwanja vingapi, nauliza, kuna mashine iliyo bado kwenye kreti lake?

Zimamoto nitawagusia kwa maneno machache, kwa kuwa kipimo chake ni kifupi. Gari la kwanza linatakiwa lifike popote kwenye njia ya kurukia na kuanza kumwaga povu ndani ya dakika 3, na lengo ni 2. Nendeni siku ambayo hamkutangaza, pigeni king'ora, mshike saa. Ukweli mtaupata hapo hapo, na hautahitaji mshauri mwelekezi.

Nije ndani ya jengo, mahali ninapopajua zaidi.

Kuna imani, sijui ilitoka wapi, kwamba foleni ndefu ni dalili ya ulinzi mkali. Mgeni akisimama saa mbili, basi tumemkagua kwelikweli. Waheshimiwa, foleni yenyewe ni hatari. Januari 2011 mlipuaji wa Domodedovo, Moscow, hakujaribu kupanda ndege. Alikwenda kwenye ukumbi wa wanaopokea wageni, mahali mimi na wenzangu tunaposimama na vibao vya majina, akaua watu zaidi ya 30. Machi 2016, Brussels, walilipua katikati ya watu waliopanga foleni ya kukabidhi mizigo. Juni mwaka huo huo, katika uwanja wa Atatürk wa Istanbul, ukaguzi ulikuwa mlangoni kabisa, kabla ya kuingia jengoni, na washambuliaji waliukuta umati pale pale mlangoni. Ukiuhamisha ukaguzi bila kuupunguza msongamano, umeuhamisha msongamano tu. Dakika kumi unazomwondolea msafiri kwenye foleni ni dakika kumi ambazo hayumo kwenye kundi la watu mia nne wasio na pa kukimbilia. Kwa hiyo haraka na usalama vinatafuta kitu kimoja, na afisa anayewaambia mchague kimoja kati ya hivyo viwili mwulizeni maswali zaidi.

Lengo linajulikana. Kiambatisho cha 9 cha Mkataba wa Chicago kinapendekeza taratibu zote za kuondoka zichukue dakika 60 na za kuwasili dakika 45. Hizo ni jumla ya uhamiaji, afya, forodha na mengine yote. Ni nchi gani kati yenu inayopima? Natazama kila wiki jambo lile lile: ndege tatu kubwa zinatua ndani ya nusu saa, ratiba yake ilijulikana miezi sita nyuma, na madirisha ya uhamiaji yaliyo wazi ni manne kati ya kumi na mawili. Maafisa wapo, lakini zamu hupangwa kwa saa za ofisi na ndege huja kwa saa zake. Wazee wanakaa sakafuni. Baba mmoja anajaza fomu kwa kuiegemeza kwenye mgongo wa mkewe, kwa kuwa meza ya kuandikia haipo na kalamu ya pale ilikatwa kamba na mtu akaondoka nayo. Fomu yenyewe inauliza mambo ambayo shirika la ndege lilikwisha kuyatuma kwenye kompyuta zenu kabla ndege haijaruka. Kwa nini aandike tena? Futeni fomu, pangeni zamu kwa ratiba ya ndege, na foleni itapungua nusu kabla hamjanunua lango moja la kielektroniki.

Kisha mtu wa eksirei. Naomba mkae naye saa moja, si kumkagua bali kutazama anachotazama. Kwenye skrini yake begi halina umbo la begi. Ni rangi: machungwa kwa vitu vyenye asili ya uhai kama vyakula, sabuni na nguo nzito, na, kwa bahati mbaya, vilipuzi pia, buluu kwa chuma, kijani kwa mchanganyiko. Chaja, nyaya, kopo la jibini na kitabu kinene vikilaliana, vinafanya doa moja ambalo lazima aliamue kwa sekunde chache huku watu wakivuta pumzi kwa hasira mbele yake. Macho yanachoka mapema. Ndiyo maana kanuni za Ulaya hazimruhusu kutazama picha mfululizo zaidi ya dakika 20. Mitambo mingi ina programu inayochomeka picha ya bunduki au kilipuzi cha uongo ndani ya begi la kweli ili kuona kama ataishtukia. Ikizimwa kwa sababu inaleta alama mbaya kwenye ripoti, na huzimwa, kiongozi amebaki kipofu kwa hiari yake. Mlipeni vizuri mtu huyu. Mkilipa mkaguzi mshahara usiofika mwisho wa mwezi, mtu mwingine atajitolea kuufikisha, na siku hiyo mashine ya mamilioni itakuwa pambo.

Nikigusa ununuzi wa mashine, kuna kisa ambacho kila kamati ya zabuni ingekisikiliza. Mfanyabiashara mmoja wa Uingereza, James McCormick, aliziuzia serikali kadhaa, Iraki ikiwa mteja wake mkubwa, kifaa kilichoitwa ADE 651 cha kunusa mabomu. Kilikuwa mpini wenye antena inayoyumba. Ndani hakikuwa na kitu kinachofanya kazi, na asili yake ni kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Mei 2013 alifungwa miaka 10. Maafisa walikishika kwenye vizuizi vya barabara huku magari ya mabomu yakipita. Kingegundulika kwa jaribio la mchana mmoja: ficha kilipuzi katika sanduku moja kati ya kumi, mwambie muuzaji akitafute. Hakuna aliyetaka kufanya jaribio hilo, na sababu mnazijua kuliko mimi.

Kanuni nazo hurundikana. Kikomo cha mililita 100 kwa vimiminika vya begi la mkononi kilianza baada ya njama ya kulipua ndege iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006. Viatu vilianza kuvuliwa baada ya mtu mmoja kujaribu kulipua ndege kwa viatu vyake Desemba 2001, na Marekani iliacha kumvua kila abiria viatu Julai 2025. Sisemi kanuni hizo hazikuwa na maana. Nasema kuna viwanja ambako chupa ya maji ya bibi inatupwa kwa ukali mbele, na nyuma lango la wafanyakazi liko wazi kwa kitambulisho cha kuonyesha kwa mbali.

Lango hilo la nyuma ndilo la kuogopwa. Tarehe 31 Oktoba 2015 ndege ya Urusi iliyotoka Sharm el-Sheikh ililipuka juu ya Sinai, ikaua watu wote 224. Bomu liliingia ndani ya ndege uwanjani. Sasa tazameni hesabu ya utalii, ninyi mnaopenda hesabu hiyo: Uingereza ilizuia ndege zake kwenda Sharm el-Sheikh hadi Oktoba 2019, na ndege za Urusi hazikurudi kwenye miji ile ya ufukweni hadi Agosti 2021. Mji mzima wa hoteli ulikaa ukisubiri. Kila anayeingia upande wa ndege akaguliwe kama abiria, mbeba mizigo, mpishi, fundi na meneja mwenyewe, na vitambulisho vya walioacha kazi vikome siku ile ile wanapoondoka. Mizigo nayo: mwaka 1985 bomu lililoiangusha ndege ya Air India namba 182 na kuua watu 329 lilisafiri katika sanduku ambalo mwenyewe hakupanda. Toronto eksirei iliharibika katikati ya ukaguzi, wakaendelea kwa kifaa cha mkononi. Miaka mitatu baadaye ikawa ndege ya Pan Am iliyolipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, watu 270 wakafa, sanduku tena lisilo na mwenyewe. Sheria ya kumlinganisha abiria na mzigo wake inajulikana kwa kila mtu sasa. Mashine ikiharibika saa mbili usiku, ndege imejaa na rubani anauliza, je, mkaguzi wenu ana mamlaka ya kusema ndege haiondoki? Au atampigia simu mtu ambaye atamwambia afanye busara?

Mpakani mambo ya kisasa yanaweza kusaidia kweli, kama yataunganishwa. Ndege ya Malaysia MH370 ilipopotea Machi 2014, iligundulika kwamba abiria wawili walitumia pasipoti zilizoibwa Thailand. Hawakuhusishwa na kupotea kwa ndege, walikuwa watu wanaotafuta maisha. Lakini pasipoti zote mbili zilikuwa zimeorodheshwa Interpol, katika hifadhidata iliyokuwepo tangu 2002, na hakuna aliyezitafuta humo. Interpol ilisema mwaka 2013 peke yake watu walipanda ndege zaidi ya mara bilioni moja bila pasipoti zao kulinganishwa na orodha hiyo. Kadhalika chipu ya pasipoti: kuisoma tu haitoshi, mfumo lazima uthibitishe saini ya nchi iliyoitoa, na funguo za saini hizo hugawiwa kupitia daftari la pamoja la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Nchi ikinunua malango ya kielektroniki bila kujiunga na daftari hilo, imenunua milango inayofunguka vizuri.

Mkichukua nyuso na alama za vidole vya wageni, andikeni mahali panapoonekana mtavihifadhi muda gani na nani atavigusa. Neno la siri lililoibwa hubadilishwa, lakini uso aliozaliwa nao mtu hana namna ya kuubadilisha. Marekani mwaka 2019 picha za wasafiri zilizopigwa mpakani ziliibwa kutoka kwenye mtandao wa mkandarasi aliyejihifadhia nakala. Mikataba yenu na wakandarasi inasemaje kuhusu nakala?

Na kompyuta zitaanguka. Zitaanguka tu. Septemba 2025 shambulio la kimtandao dhidi ya mfumo wa kuandikisha abiria unaotumiwa na viwanja vingi liliwarudisha Brussels, Berlin na Heathrow kwenye kalamu na karatasi. Januari 2023 Marekani ilisimamisha ndege kupaa nchi nzima kwa sababu mafaili ya mfumo wa taarifa kwa marubani yalifutwa kwa bahati mbaya. Wekeni fomu za karatasi, ndiyo, hizo hizo nilizowaambia mfute pale mbele, kabatini nyuma ya kaunta, na wafanyakazi wazifanyie mazoezi walau mara moja kwa msimu.

Yapo madogo yasiyohitaji fedha nyingi. Vibao vyenye picha zinazoeleweka bila lugha. Kiti cha magurudumu kinachokuja kabla mtu hajaomba mara tatu. Anwani moja rasmi ya viza ya mtandaoni, itangazwe kwenye tiketi na balozini, maana tovuti bandia zinawala wageni kabla hawajafunga masanduku. Teksi zenye nauli iliyobandikwa. Kaunta ya malalamiko iliyo mbali na macho ya afisa anayelalamikiwa. Mgeni aliyeombwa rushwa hatasema akiwa bado mbele ya dirisha lake.

Kama hata baada ya hayo yote mnalitaka jengo, lijengeni, ila lijaribuni kwanza kwa watu. Uwanja mpya wa Berlin ulikuwa ufunguliwe Juni 2012. Wiki chache kabla, ukaahirishwa kwa sababu mfumo wa kuondoa moshi wakati wa moto haukufanya kazi, na ukafunguliwa Oktoba 2020. Jengo la tano la Heathrow lilifunguliwa Machi 2008 likiwa zuri kweli, na siku ya kwanza wafanyakazi hawakujua waegeshe wapi wala wapite mlango gani. Maelfu ya mizigo yakabaki. Ciudad Real, Hispania, walijenga uwanja kwa zaidi ya euro bilioni 1, ukafunguliwa mwishoni mwa 2008 na kufungwa 2012, kwa kuwa ndege hazikuwa na sababu ya kwenda pale. Ningependa kila waziri asafirishwe akatembee katika ukumbi ule kabla ya kusaini.

Fedha, mtasema. Ndani ya tiketi ya mgeni kuna tozo ya usalama na tozo ya huduma ya uwanja, amekwisha kuzilipa kabla hajaondoka kwao. Tangazeni hadharani, kabla ya bajeti ijayo kusomwa, kiasi kilichokusanywa kwa tozo ya usalama na kilichotumika kwa usalama, mstari kwa mstari. Chini yake wekeni wastani wa dakika za kuwasili na kuondoka kwa kila mwezi, tarehe ya jaribio la mwisho la umeme wa akiba na sekunde zilizopatikana, na dakika za zimamoto. Udhaifu wa ulinzi ambao adui angeutumia usichapishwe, hilo nalielewa; lakini dakika za foleni si siri ya taifa, zinaonekana na kila aliyesimama humo.

Ramani ya kebo si lazima mnionyeshe mimi. Inatosha mkiiomba wenyewe, iwekwe mezani kwenu, na mhandisi aoneshe kwa kidole mahali ambapo njia mbili zinapishana.

Wenu mtiifu,
Mpokea wageni, ukumbi wa kuwasili